Shajara ya mradi: kupima asidi ya siki kuanzia kwenye unga unaoaminika

Lebo ya siki inasema asidi ni asilimia 5. Lengo la mradi huu ni wanafunzi waichukue lebo hiyo kama dai, waipime wenyewe, na wakiulizwa waweze kueleza kila tarakimu waliyoandika imetoka wapi. Zoezi lenyewe si geni. Unadondosha besi ndani ya asidi mpaka kiashiria kigeuke rangi, unasoma bureti (mrija wa kioo wenye alama za ujazo na koki chini), unapiga hesabu. Kinachorukwa karibu kila mara ni swali la nani aliyesema besi yako ni 0.100 M, yaani moli 0.100 kwa lita. Chupa inaletwa ikiwa imeandikwa, mwanafunzi anaikubali, hesabu inakwenda, na kosa la asilimia saba linapita mlangoni bila kubisha hodi.

Kwa hiyo tumeanza nyuma zaidi, kwenye unga tunaoweza kuuweka kwenye mizani na kuuamini. Mnyororo ni huu: sodiamu kaboneti inaipima asidi haidrokloriki, asidi hiyo inaipima sodiamu haidroksaidi, na sodiamu haidroksaidi ndiyo inayoipima siki.

Mizani yetu inasoma hadi 0.01 g, bureti ni za mililita 50, pipeti ni za mililita 25. Miwani ya usalama haivuliwi mpaka chombo cha mwisho kioshwe. Hatua zisizo na mgogoro nimezifupisha.

17 Januari: Rangi za mimea na mpaka wake

Tulianza na kabichi nyekundu kwa sababu hakuna kinachowavuta wanafunzi kuliko rangi. Majani yalikatwakatwa, yakamwagiwa maji ya moto, yakachujwa. Maji hayo yanakuwa mekundu kwenye asidi kali, zambarau karibu na pH 7 (pH ni kipimo cha uasidi: chini ya 7 ni asidi, juu yake ni alkali), yanaelekea buluu, kisha kijani, na kwenye alkali kali yanageuka manjano. Mbinu ni ya kale: Robert Boyle aliandika mwaka 1664 kwamba sharubati ya maua ya urujuani hugeuka nyekundu kwa asidi na kijani kwa alkali.

Kwa kuonyesha ngazi ya pH, kabichi inafaa sana. Kwa kupima, haikufaa. Rangi haziruki, zinateleza. Kikundi kimoja kiliacha kudondosha kwenye zambarau, kingine kikangoja buluu, cha tatu kikaenda hadi kijani, na kila kimoja kilikuwa na hoja. Tofauti yao ilizidi mililita moja. Isitoshe, ili rangi ionekane vizuri walikuwa wanamimina maji ya kabichi mengi, na maji hayo yenyewe yana asidi kidogo inayokula sehemu ya besi. Baada ya siku chache kwenye chupa yakaanza kunuka.

Uamuzi: kabichi ibaki kwa maonyesho, vipimo vifanywe kwa fenolfthaleini na methaili oranji. Fenolfthaleini haina rangi chini ya pH 8.3 hivi na ni ya waridi iliyokolea ifikapo 10. Methaili oranji ni nyekundu chini ya 3.1 na njano juu ya 4.4. Matone mawili matatu yanatosha. Fenolfthaleini huyeyushwa kwenye ethanoli, na ukiitia nyingi ndani ya maji inaleta utando mweupe ambao wanafunzi wanadhani ni mashapo ya mmenyuko.

24 Januari: Kuoka baikaboneti

Sodiamu kaboneti safi na kavu inaweza kununuliwa, lakini kuitengeneza kunafundisha zaidi. Sodiamu baikaboneti ikipashwa moto hutoa maji na kaboni dioksaidi:

2NaHCO₃ → Na₂CO₃ + H₂O + CO₂

Kila gramu 168 zinabaki 106. Gramu 20.00 tulizoanza nazo zilipaswa kufika 12.62, na hapo mizani ndiyo inayosema kama kazi imekwisha, si saa ya ukutani. Hili lilihitaji kurudiwa. Baada ya nusu saa juu ya jiko, unga ulionekana uleule, mweupe na mkavu, na wengi walitaka kuendelea. Mizani ikasema 14.9. Tukauhamishia kwenye oveni ya nyuzi 200 za Selsiasi, ukiwa umetandazwa mwembamba na kukorogwa katikati ya safari. Ukashuka hadi 13.1, kisha 12.63, kisha 12.63 tena. Uzito uliogoma kushuka ndio tuliokuwa tunautafuta.

Jaribio la pembeni ambalo lilinifurahisha: chukua chembe za unga wa kabla ya kuoka na za baada ya kuoka, yeyusha kila moja kwenye maji, tia tone la fenolfthaleini. Ya kwanza inatoa waridi hafifu sana, huioni mpaka uweke karatasi nyeupe nyuma yake. Ya pili inawaka waridi papo hapo. pH ya baikaboneti iko karibu na 8.3, pale pale fenolfthaleini inapoanza kuamka, ilhali ya kaboneti iko juu ya 11.

Hitilafu: sahani moja iliachwa wazi mezani usiku kucha. Asubuhi ilikuwa imepanda hadi 12.9. Sodiamu kaboneti kavu hunyonya unyevu wa hewani. Haikuharibika, ilirudishwa tu kwenye oveni, lakini tangu hapo unga unapoa ndani ya chupa yenye kifuniko kinachobana na unapimwa siku hiyohiyo.

Gharama: gramu 20 za baikaboneti, mchana mzima wa oveni, na bakuli moja la kioo lililopasuka kwa kuwekwa la moto juu ya meza yenye maji.

31 Januari: Lita moja sanifu, na asidi ya kwanza

Tulipima 5.30 g za kaboneti na kuziyeyusha zikajaza chupa ya ujazo ya lita moja: 0.0500 M. Vitabu vingi hutumia chupa ya mililita 250 na gramu 1.325. Kwa mizani yetu hiyo ingekuwa kujidanganya, maana tarakimu ya tatu hatuioni. Kosa la 0.01 g kwenye 1.33 g ni karibu asilimia moja, kwenye 5.30 g ni chini ya asilimia 0.2. Ukiwa na mizani ya kawaida, pima kingi.

Asidi haidrokloriki kali ya asilimia 37 ina takribani moli 12 kwa lita. Mililita 8.3 kwenye lita moja zinatoa karibu 0.1 M. Nasema karibu kwa sababu asidi hii inafuka mvuke kila chupa inapofunguliwa. Asidi inamiminwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi, na kazi hii niliifanya mwenyewe penye hewa inayopita.

Kisha mililita 25.0 za kaboneti kwenye chupa ya koni, methaili oranji, na asidi kwenye bureti. Matokeo ya kwanza yalitawanyika: 24.1, 24.6, 24.2. Sababu zilikuwa mbili.

Ya kwanza ni kaboni dioksaidi. Kaboneti ikikutana na asidi inatoa gesi hiyo, sehemu yake inabaki imeyeyuka na kuongeza uasidi kidogo, hivyo rangi inaanza kugeuka kabla ya wakati. Dawa yake: rangi ikianza tu kuelekea machungwa, chemsha chupa ya koni dakika chache, ipoze chini ya bomba. Rangi inarudi njano mbele ya macho yako. Ongeza matone machache ya mwisho na sasa inageuka kweli.

Ya pili ni macho yetu. Kutoka njano kwenda machungwa ni safari fupi na kila mtu ana machungwa yake. Tuliandaa chupa ya kulinganishia yenye maji kiasi hichohicho, kiashiria kiasi hichohicho na asidi kidogo, rangi ikiwa pale tunapotaka kusimama, ikakaa mezani pembeni ya kila kikundi.

Baada ya hapo: 24.4, 24.4, 24.35. Moli 0.00125 za kaboneti zinahitaji 0.00250 za asidi, gawanya kwa lita 0.0244: asidi ni 0.1025 M. Nambari hiyo tukaiandika kwenye chupa pamoja na tarehe.

14 Februari: Sodiamu haidroksaidi haisemi kweli

Hapa ndipo mradi ulipopata maana yake kwa wanafunzi. Punje za sodiamu haidroksaidi ziliwekwa kwenye mizani hadi 4.00 g, kiasi cha kutoa 0.100 M kwa lita. Niliwaambia wasizitoe, wazitazame. Mizani ikasoma 4.01. Ikakaa. Ikasoma 4.02. Punje zilizokuwa nyeupe zikaanza kung'aa kana kwamba zimepakwa mafuta, na chini ya mojawapo pakajitokeza kitone cha maji. Dutu hii inanyonya maji na kaboni dioksaidi ya hewani huku unaitazama. Ukiipima kwa mizani unapima punje, maji na kaboneti kwa pamoja, na mizani haijui kuvitenganisha.

Tuliyeyusha kwenye maji yaliyokenekwa ambayo yalichemshwa kwanza na kupozwa yakiwa yamefunikwa, ili yasije na kaboni dioksaidi yake. Chombo kinapata joto sana wakati wa kuyeyusha, basi ongeza punje kidogo kidogo. Ikitua kwenye ngozi inateleza kama sabuni. Osha kwa maji mengi mara moja bila kungoja iwashe.

Kuisanifisha, yaani kupata ukolezi wake halisi: mililita 25.0 za asidi ya 0.1025 M kwenye chupa ya koni, fenolfthaleini, besi kwenye bureti. Tuliwahi kuweka kinyume chake, besi chini na asidi juu, lakini jicho linaona waridi ikitokea kwa urahisi kuliko inapopotea.

Usomaji ulikubaliana kwenye 27.5. Besi ni 0.0932 M, si 0.100.

Kikundi kimoja kilileta 28.3. Ncha ya bureti yao, chini ya koki, ilikuwa na kiputo cha hewa ambacho kilitoka katikati ya kazi, na nafasi yake ikajazwa na besi ambayo haikufika kwenye asidi. Fungua koki kwa nguvu kabla ya kuanza na uikague ncha kwa jicho. Kosa jingine lililorudiwa na vikundi kadhaa: kusuuza chupa ya koni kwa asidi ileile itakayopimwa. Bureti na pipeti husuuzwa kwa myeyusho utakaobeba. Chupa ya koni husuuzwa kwa maji tu, na yakibaki maji ndani yake si neno, hayaongezi moli hata moja.

21 Februari: Siki

Siki ya asilimia 5 ina asidi asetiki ya 0.83 M hivi, kali mno kwa besi yetu. Tuliizimua mara kumi: pipeti moja ya 25.0 kwenye chupa ya ujazo ya 250, ikajazwa maji hadi alama. Kisha mililita 25.0 za myeyusho uliozimuliwa zikaenda kwenye chupa ya koni.

Niliviacha vikundi viwili vitumie methaili oranji makusudi, na vingine fenolfthaleini. Vya methaili oranji vilimaliza mapema, vikashangilia. Njano ilikuwa imetulia kwenye mililita 7. Wengine walikuwa bado wanadondosha, hata 20 hawajafika. Mjadala ulikuwa mkali kwa muda, kwa sababu kila upande ulikuwa na rangi iliyogeuka kweli. Kwa hesabu ya mililita 7, siki ingekuwa na asidi ya asilimia 1.6.

Maelezo tuliyoyafikia: asidi asetiki ni dhaifu, inaachia ioni za hidrojeni kwa kusuasua. pH inafika 4.4, mwisho wa safari ya methaili oranji, asidi ikiwa imetumika chini ya theluthi moja. Kiashiria hakijui kazi imekwisha lini. Kinajua pH yake tu. Na kazi inapokwisha hapa, pH si 7. Kwenye chupa kuna ioni za asetati, nazo zinanyang'anya maji protoni (ioni za hidrojeni) na kuacha ioni za haidroksaidi. Ndiyo namna ya kufikiri waliyoileta wanakemia Brønsted na Lowry mwaka 1923, kila mmoja kivyake: besi ni chochote kinachopokea protoni, hata kama hakina haidroksaidi ndani yake. Kwa ukolezi wetu, sehemu ya usawa, pale besi inapotosha asidi yote, inaangukia karibu na pH 8.7, ndani ya eneo la fenolfthaleini.

Kwa fenolfthaleini tulipata 22.9, lakini si mara moja. Wengine walileta 23.4 na hata 23.9. Waridi ilikuwa inafifia, nao wanaongeza tone, inafifia tena, wanaongeza. Inayoifuta ni kaboni dioksaidi ya hewani. Ili waamini, mwanafunzi mmoja alipuliza kwa mrija ndani ya chupa yenye waridi (kupuliza, si kuvuta), ikapauka. Kanuni tuliyoweka: waridi ya kwanza inayodumu sekunde 30 baada ya kutikisa ndiyo kikomo, hata ikifutika baadaye.

Hesabu: 22.9 × 0.0932 ÷ 25.0 = 0.0854 M. Rudisha mara kumi, zidisha kwa 60.05, unapata gramu 51.3 kwa lita, yaani asilimia 5.1. Kwa 0.100 iliyokuwa "imeandikwa" kwenye besi, jibu lingekuwa 5.5 na tungemlaumu mtengeneza siki.

Jambo moja la kuzingatia kwa anayeiga: tumia kiashiria kilekile kuisanifisha besi na kuipima siki. Besi yetu ina kaboneti kidogo ndani yake, na fenolfthaleini inaihesabu kaboneti kwa nusu tu. Ikiihesabu hivyo mara zote mbili, kosa linajifuta.

7 Machi: Mchoro wa pH

Tulipata kipima pH cha mkononi. Elektrodi ilikuwa imehifadhiwa kavu, ikawa inachukua dakika nzima kutulia. Kuiloweka kwenye myeyusho wa potasiamu kloraidi wa 3 M kuliirudishia uhai. Kuiloweka kwenye maji yaliyokenekwa kungeizidishia ugonjwa. Ilirekebishwa kwa bafa (miyeyusho yenye pH inayojulikana) za 4.01 na 7.00, lakini ilipopimwa kwenye bafa ya 10 ikasoma 9.7. Tukarekebisha na kwa hiyo ya tatu.

Mchoro wa kwanza wa kudondosha besi kwenye siki ileile iliyozimuliwa, uliosomwa kila mililita moja, ulitoka kama ngazi iliyokatika: 22 ilikuwa karibu na pH 6.1, na 23 tayari iko juu ya 10. Hakuna nukta hata moja katikati. Kuanzia 21.5 tukapunguza hadi 0.1, na karibu na 22.9 tone kwa tone.

Kipimo cha pH, alichokianzisha mwanakemia Sørensen mwaka 1909 katika maabara ya Carlsberg kule Copenhagen, ni cha mara kumi kwa kila hatua, na mchoro huu ndio unaokifanya kionekane. Kati ya mililita 5 na 15, besi nyingi inaingia na pH inapanda kwa 0.8 tu. Kwenye sehemu ya usawa, kwa hesabu, tone moja la 0.05 linaipeleka kutoka 7.4 hadi 8.7, na linalofuata kutoka 8.7 hadi 10.0. Hilo la pili linavuka eneo karibu lote la fenolfthaleini. Ndiyo sababu waridi inaruka wakati kabichi inateleza.

Zawadi ya ziada: kwenye 11.45, nusu ya njia, kipima kilisoma 4.8. Hapo asidi na asetati ziko sawa, na pH ni pKa (kipimo cha nguvu ya asidi) ya asidi asetiki yenyewe, ambayo vitabuni ni 4.76.

28 Machi: Chupa iliyoshuka

Besi imesanifishwa upya kabla ya kutumika. Asidi ileile 25.0 sasa inahitaji 27.9, yaani besi imeshuka hadi 0.0918 M. Kifuniko kilikuwa hakijakazwa. Sasa inagawanywa kwenye chupa ndogo za plastiki zilizojaa hadi shingoni, na chupa iliyofunguliwa inasanifishwa upya kila siku ya kazi.

Gharama: bureti moja yenye koki ya kioo. Iliachwa na besi ndani tangu kipindi cha nyuma, koki ikagandamana na haijafunguka hadi leo. Alkali inakula kioo. Osha bureti siku hiyohiyo, na ukiweza chagua koki ya plastiki.

11 Aprili: Vidonge vya kiungulia

Wanafunzi walitaka kitu kingine chenye lebo. Kidonge kinasema kalsiamu kaboneti miligramu 500. Haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo tunazunguka: tia asidi nyingi inayojulikana, chemsha kufukuza kaboni dioksaidi, kisha pima kwa besi asidi iliyobaki.

Kidonge kizima kwenye mililita 50.0 za asidi yetu hakikufaulu. Tope jeupe lilibaki chini, na besi haikuhitaji zaidi ya tone moja au mawili kuleta waridi. Hesabu ingetuonya: miligramu 500 zinahitaji milimoli 10 za asidi, sisi tulikuwa na 5.1.

Tukasaga vidonge vinne vyenye jumla ya 4.96 g na kuchukua 0.31 g, robo ya kidonge, kwa mililita 50.0 zilezile za asidi. Besi ikasoma 28.9. Asidi iliyoliwa ni milimoli 2.47, sawa na miligramu 495 kwa kidonge. Kikundi kimoja kilikuwa tayari kuandika kwamba kiwanda kimepunja miligramu 5. Lakini 0.01 g kwenye 0.31 g ni asilimia 3, yaani miligramu 15 na ushei kwa kidonge. Kwa mizani hii, 495 na 500 hatuwezi kuzitenganisha, na ripoti imeandikwa hivyo.

Jaribio linalofuata: vidonge vinne vyote kwenye mililita 100 za asidi ya 1 M, kujaza hadi 250 baada ya kuchemsha na kupoza, kisha pipeti ya 25 kutoka humo. Asidi hiyo ya 1 M itasanifishwa kivyake. Itazimuliwa kwanza mara kumi ili kaboneti yetu ya 0.0500 M iweze kuipima.